Kadi 12 za yakuman kwa Kiswahili: shajara ya mradi, makosa yakiwemo

12 Januari 2025: naanza

Niko Fukuoka mwaka wa pili sasa, nasoma, na kila Ijumaa usiku wenzangu wa maabara wanaondoa vyombo mezani wanatandika kitambaa wanacheza mahjong ya Kijapani, ile ya richi. Pesa hamna, pointi tu, anayeshika mkia anaosha vyombo. Mi nimeosha sana.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeshika kete tatu tatu za aina moja mara tatu, zote nimechota mwenyewe, na jozi mbili, nasubiri jozi mojawapo ikamilike. Mtu akatupa. Nikapiga ron, nikasimama kabisa, suanko! yakuman! 32,000! (Yakuman ni ile mikono adimu inayolipa kuliko yote, suanko ni mmojawapo.) Senpai wangu (aliyenitangulia maabara) akaziangalia kete, akacheka taratibu, akasema hii si suanko, ile tatu ya mwisho umeipata kwa mtu, chukua 8,000 ukae. Nikakaa.

Ndo chanzo cha mradi. Nataka kadi 12, moja kwa kila yakuman, kwa Kiswahili, ambazo dada yangu (binti wa shangazi, yuko Tanga, kwenye karata hana mpinzani mtaa mzima) anaweza kuzishika akaelewa bila mi kupiga simu. Pembeni nataka programu ndogo ya Python ya kukagua mkono, unaingiza kete inakwambia ni yakuman au umejidanganya kama mimi.

Kwa asiyejua kabisa: kete ni 136, aina 34, kila aina nne. Manzu (herufi), pinzu (duara) na sozu (mianzi) zinaenda 1 mpaka 9, alafu kuna pepo nne (mashariki, kusini, magharibi, kaskazini), alafu rangi tatu yaani nyeupe (haku), kijani (hatsu) na nyekundu (chun). Unashika 13, ya 14 ndo ya ushindi. Ukiichota mwenyewe ni tsumo, ukiichukua kwa aliyeitupa ni ron. Mkono wa kawaida ni seti nne (kete tatu sawa, au tatu za mfuatano) na jozi moja. Watu wanaanza na pointi 25,000 kila mmoja, kwa hiyo ron ya yakuman ya 32,000 mara nyingi inamfilisi mtu papo hapo, na ukiwa mzazi wa raundi, yaani anayeanza kuchota, unapewa 48,000. Mzazi sijatunga, Wajapani wenyewe wanamwita oya, na wale watatu wengine ni watoto.

Zenyewe ni kokushi muso, suanko, daisangen, shosushi, daisushi, tsuiso, chinroto, ryuiso, churen poto, sukantsu, tenho na chiho. Naandika zinavyosikika, vokali ndefu nimezikata.

19 Januari: kete, na kaskazini bandia

Nimepata seti ya mitumba, 1,980 yeni, sanduku linanuka sigara za zamani sana. Kufika nyumbani nahesabu, za kuchezea ziko 135. Kaskazini moja hamna. Ndani kulikuwa na kete nne za maua ambazo hatuzitumii, na haku moja ya akiba, nikaona mbona rahisi, haku si nyeupe tupu, naichora kaskazini kwa makapeni (110 yeni) yameisha.

Hayakuisha. Jasho la vidole na wino havipatani. Ijumaa nimepiga kan ya haku, yaani kete nne zote ziko wazi mezani kila mtu anaziona, dakika mbili baadaye mwenzangu ananyanyua kete moja anaigeuza geuza, ananiuliza kwa upole kabisa, samahani, hii haku ni ya ngapi? Ilikuwa ya tano. Kaskazini yangu imefutika yote. Mkono ukafutwa, tukaanza upya, na vyombo nikaosha bila kubisha.

Nilivyorekebisha: nimekwaruza umbo la herufi kwa pini iliyopashwa moto, polepole, alafu nikajazia rangi ya kucha nyeusi (110 yeni nyingine) nikafuta ya juu. Sasa hata kidole kinaisikia, na hilo ni muhimu kuliko nilivyodhani kwa sababu wazoefu wa huku wanaisoma kete kwa kidole gumba kabla hawajaiangalia. Ukinunua mitumba hesabu dukani. 34 mara 4, mbele ya muuzaji, usione haya.

2 Februari: maneno

Nilidhani hii ni kazi ya nusu saa, imekula wiki mbili.

Tatizo ni ile seti ya tatu sawa. Nilianza na "utatu", dada akanitumia sauti WhatsApp anacheka, mdogo wangu hiyo ni ya kanisani. Nikajaribu "tatu za aina moja", sawa lakini ukishaandika "tatu nne za aina moja za ndani" hata mwenyewe huelewi. Yeye ndo kaja na jibu: tatu si mafiga matatu? Basi ni jiko. Jiko moja, majiko manne. Na uzuri wake ukaonekana hapo hapo, ukichota zote tatu mwenyewe ni jiko la ndani, ukiokota ya tatu kwa mtu ni jiko la nje. Suanko ni majiko manne ya ndani. Imekaa vizuri mpaka nimeona wivu kwamba si mimi niliyefikiria (shemeji kaongeza kwamba wengine wanahangaika kupata jiko moja tu maishani).

Zile za mfuatano, 3-4-5, tumeita ngazi. Jozi tumeita kichwa, maana Wajapani nao wanaiita atama. Pepo, dada akataka kaskazi na kusi, nikamwambia sawa kwa hizo mbili ila mashariki na magharibi zibaki hivyohivyo, tusije tukaanza kugombana na mabaharia.

Majina ya mikono yenyewe nimeyaacha ya Kijapani kwa sababu mezani ndo utakayoyasikia, maana nimeiweka chini kwa herufi ndogo. Kokushi muso ni "asiye na wa pili nchini", sifa aliyopewa jemadari wa China ya kale Han Xin. Churen poto ni taa za thamani za maua tisa ya lotus, na senpai anasema ukiipata uvuke barabara kwa uangalifu, kuna imani kwamba bahati yako yote ya duniani imeishia hapo. Tenho ni baraka ya mbinguni na chiho ni baraka ya ardhi.

16 Februari: toleo la kwanza, la kutupa

Kadi nne kwa ukurasa wa A4, kurasa tatu, nimeprinti nyeusi na nyeupe dukani kwa 10 yeni kila moja. Jumla 30. Nimempigia picha dada.

Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu ryuiso. Nimeandika "kete za kijani tupu: sozu 2, 3, 4, 6, 8 na hatsu". Akaniuliza, sozu zote si ni mianzi, na mianzi si yote kijani, kwa nini 5 imekataliwa? Na kweli kwenye karatasi yangu ya kijivu zote zinafanana. Ukiishika kete yenyewe unaona kwamba 5, 7 na 9 zina mianzi myekundu katikati ya ile ya kijani, na 1 ni ndege mwenye nyekundu mwilini. Zilizobaki ni kijani mtupu. Yaani mkono mzima umejengwa juu ya rangi ya wino na mi nimeuprinti bila rangi.

Nimerudia kwa rangi, 50 yeni kwa ukurasa, 150. Na kwa furaha nikazifunika zote kwa plastiki ya kubandika kwa mkono, pakiti 110. Hili ni kosa la pili ila nitaligundua Machi.

Kwa upande wake dada hana kete, amechapisha 136 zote kama karata, tisa kwa ukurasa, kurasa 16 za rangi, zimemtoka shilingi 8,000. Mwanzo nilimtumia za ukubwa wa kete halisi, hazisimami, zinapeperuka, mtoto kapiga chafya mchezo ukaisha. Za ukubwa wa karata unazishika mkononi 13 kama kawaida. Kama huna kete anza hivyo.

2 Machi: programu, siku ambayo kupanga kuliniharibia

Umbo ni rahisi. Unakuwa na vijumba 34, kila kimoja kina idadi ya kete za aina hiyo, unachagua kichwa, unatoa majiko, unatoa ngazi, vikiisha vyote mkono umekamilika. Kokushi unaikagua peke yake kwa sababu haina seti, ni 1 na 9 za manzu, pinzu na sozu pamoja na pepo zote na rangi zote, aina 13 moja moja, na mojawapo iwe mbili. Usiku mmoja nikawa nimemaliza, najisifu.

Alafu nikaingiza mkono wangu wa Januari. Programu ikajibu: suanko, 32,000.

Nimekaa na hili siku nne. Kumbe mstari wa kwanza kabisa wa programu yangu unapanga kete kwa namba ili zipendeze kusoma, na ukishazipanga hujui tena ipi iliingia mwisho. Na kwenye yakuman hiyo ya mwisho ndo kesi yote ilipo. Ona suanko: una majiko mawili ya ndani yaliyokwisha... hapana, nimekosea tena, una majiko manne na kete moja pweke, unasubiri mwenza wake awe kichwa. Hapo hata ukipiga ron majiko yako yalishakuwa manne, ndani yote, ni suanko halali. Sasa badilisha, una majiko matatu... 

Naandika upya maana naona hata hapa nimejichanganya. Hali A: majiko manne tayari, kichwa nusu. Ron ni sawa, tsumo ni sawa. Hali B: majiko matatu, vichwa viwili, kimoja kinasubiri kuwa jiko. Tsumo ni suanko. Ron si suanko, lile jiko la mwisho ni la nje, unabaki na majiko matatu ya ndani na mkono wa majiko matupu, han nne (han ni kipimo cha thamani ya mkono), ndo ile 8,000 yangu. Kete 14 zikishalala mezani A na B zinaweza kuwa kitu kilekile kabisa!

Churen poto nayo hivyo hivyo. Kundi moja tu (manzu, pinzu au sozu), 1112345678999 na nyongeza yoyote ya kundi hilo, na uwe hujaokota kwa mtu kabla ya ushindi. Kama 13 zako zilikuwa zile zile 1112345678999 kamili basi ulikuwa unasubiri yoyote kuanzia 1 mpaka 9, wanaita safi, na kwenye meza nyingine inalipwa mara mbili. Kama ulikuwa na pengo ikaingia ya kuziba, ni churen ya kawaida. Kokushi pia: ukiwa tayari na aina zote 13 unasubiri zote 13, ukikosa aina moja unasubiri hiyo moja tu.

Rekebisho ni dogo la aibu. Kete ya mwisho inakaa kwenye kijumba chake, haichanganywi, na pembeni yake herufi moja inayosema ilichotwa au ilitupwa na nani. Makosa matatu yakafa pamoja. Kwenye kadi nimechora kete ya mwisho imelala upande, na hapo ndo nikakumbuka kadi zimeshafunikwa plastiki. Haziandikiki. Usifunike chochote mpaka programu na kadi zikubaliane.

9 Machi: kete 18, na gurudumu

Sukantsu ni kan nne, yaani seti zote nne ni za kete nne nne, na kichwa. Programu yangu ilikuwa inakataa mkono wowote usio wa kete 14. Sukantsu ina 18. Kila kan unachota moja ya nyongeza kutoka mwisho wa ukuta (kete zilizopangwa za kuchotwa), na za nyongeza zipo nne tu, ndo maana kan ya tano haipo. Wakipiga kan nne watu wawili au zaidi kwa pamoja, kwa meza nyingi raundi inavunjwa, akiwa nazo zote mtu mmoja mchezo unaendelea na wengine watatu wanaanza kutetemeka. Nimerekebisha: kan inahesabika kama seti, si kama kete.

Hapo hapo nikafunga mwanya mwingine, churen haikubali kan hata ya ndani. Ukizigandisha 1 nne pembeni lile umbo limekufa. Programu ilikuwa inaikubali.

Alafu dada akatuma mkono aliousuka mwenyewe kwenye karata zake, pinzu 22334455667788, akaniuliza mbona mzuri hivi hauna kadi. Ni mkono unaojulikana, wanauita daisharin, gurudumu kubwa, baadhi ya meza wanaupa yakuman ila ni sheria ya kienyeji. Kwa sheria ya kawaida nikauingiza, programu ikasema 16,000. Senpai akasema haiwezekani, ni 24,000. Yeye ndo sahihi. Programu yangu ilikutana kwanza na jozi saba ikaridhika: jozi saba han 2, kundi moja tupu 6, bila ncha (1 na 9) wala pepo wala rangi 1, jumla 9. Lakini kete zile zile ukizisoma kama ngazi, 234 mbili na 567 mbili na kichwa cha 8, unapata 3 za ngazi pacha mara mbili, 6 za kundi moja, 1 ya bila ncha, 1 ya pinfu (mkono wa ngazi tupu), jumla 11. Ukitangaza richi, yaani kwamba umebakiza kete moja tu, ni 12, ukichota mwenyewe ni 13, na 13 kwa meza nyingi ni yakuman ya kuhesabu, kazoe. Kwa hiyo sasa programu inasoma mkono kwa njia zote mpaka mwisho alafu inachukua kubwa, haisimami kwenye ya kwanza.

Hili la jozi saba lilinipeleka mbali kidogo. Yakuman ya umbo inayoweza kuja kwa jozi saba ni moja tu, tsuiso, pepo na rangi tupu, kwa sababu hizo ni aina saba kamili. Kijani tupu ni aina sita, ncha tupu ni aina sita, na kete nne sawa hazihesabiwi jozi mbili, kwa hiyo ryuiso na chinroto kwa jozi haziwezekani kabisa. Nimezifuta mistari miwili ya programu niliyokuwa nimeiandika kwa ajili yao. Raha.

20 Machi: tenho, milioni kumi

Kadi ya tenho haina umbo, ni mzazi kushinda kwa kete 14 za kugaiwa. Chiho ni mtoto kushinda kwa kete yake ya kwanza ya kuchota, na hakuna aliyeokota wala kupiga kan kabla yake. Nikasema kwa kuwa programu ipo niigaie yenyewe mikono milioni 10 tuone.

Namba ikaja kubwa kuliko inayojulikana, ambayo ni kama mara moja kwa 330,000. Nikafurahi kwa dakika tano, nikaomba inichapishie mikono iliyoshinda. Wa tatu kutoka juu una haku tano.

Haku tano tena! Safari hii si rangi ya kucha, ni mimi nimeambia kompyuta ichague aina 14 kati ya 34 bila kuondoa iliyokwisha chaguliwa, kwa hiyo ukuta wake hauishi na majiko yanajitokeza hovyo. Nikabadilisha, ichanganye kete 136 halisi ichukue 14. Robo saa kwenye laptop yangu ya zamani, mikono 28. Karibu kabisa na inavyotakiwa.

Kokushi haikutokea hata moja kwenye hizo milioni 10, na hesabu yake inawezekana kwa kalamu: aina 13 za kurudiwa, mara 6, mara 4 kwa kipeo cha 12, ni njia 1,308,622,848, gawanya kwa michanganyiko yote ya 14 kutoka 136. Ni mara moja kwa mikono kama bilioni 3.2. Ukigaiwa mkono mmoja kila dakika bila kulala ni zaidi ya miaka 6,000. Dada kasema hiyo kadi asiibebe basi, nikamwambia hapana, hiyo ni ya kugaiwa ikiwa tayari, kokushi ya kujengwa polepole ndo miongoni mwa zinazoonekana zaidi mezani.

5 Aprili: nimelipa 32,000 kwa kete moja

Hii imenitokea mwenyewe kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mwenzangu alishapiga pon ya haku (kuokota ya tatu kwa mtu ikawa jiko), iko wazi. Akapiga pon ya hatsu, iko wazi. Rangi mbili mezani. Mi nina chun moja haina kazi, mkono wangu unasubiri vizuri, nikaona hawezi kuwa na mbili nyingine, nikaitupa. Pon! Daisangen, majiko ya rangi zote tatu. Zamu tatu mbele akachota mwenyewe kete ya ushindi. Kwa kawaida mtoto akishinda yakuman kwa tsumo mzazi anatoa 16,000 na watoto wawili 8,000 kila mmoja. Nikahesabu 8,000 zangu. Wote watatu wakaniangalia.

Inaitwa pao, ni kubeba lawama. Aliyetupa rangi ya tatu huku mbili ziko wazi ndiye aliyeufungua mlango, kwa hiyo mshindi akichota mwenyewe yeye analipa yote, 32,000, peke yake. Kadi yangu ilikuwa na mstari mmoja tu unaosema "aliyetupa ya tatu analipa", na mstari huo ni mbovu kwa njia tatu. Kwanza, mshindi akimpigia ron mtu mwingine, si wewe wala si yeye peke yake, mnagawana nusu, 16,000 kila mtu. Ukimtupia wewe mwenyewe ni zako zote. Pili, kama rangi mojawapo ilikuwa jiko la ndani halijaonekana, lawama hamna, ungejuaje? Kan ya ndani inahesabika imeonekana. Tatu, pao ipo pia kwenye daisushi, jiko la upepo wa nne, nami sikuiandika kabisa. Kwenye shosushi haipo, pale upepo wa nne ni kichwa na kichwa hakiokotwi kwa pon.

Na mkono ukiwa na yakuman mbili, mfano daisangen na tsuiso pamoja, kwa sheria tunayofuata mbeba lawama anabeba daisangen tu, tsuiso inalipwa na wote kama kawaida.

Kadi zote zimechapishwa tena, 150. Bila plastiki.

26 Aprili: kila nyumba na sheria zake

Nimejaribu kuandika "malipo" kwenye kila kadi nikashindwa, kwa sababu inategemea uko wapi. Kokushi ya kusubiri 13, suanko ya kusubiri kichwa, churen safi na daisushi, hizi nne Mahjong Soul (mchezo wa mtandaoni) inazilipa mara mbili, Tenhou inalipa moja tu. (Tenhou ni tovuti ya kuchezea, jina linasikika sawa na mkono wa tenho ila herufi ya pili ni nyingine, ni ndege wa mbinguni. Nilichanganya wiki nzima.) Ukikubali mara mbili alafu ukajumlisha daisushi, tsuiso, suanko ya kichwa na sukantsu kwenye mkono mmoja unafika yakuman sita, 192,000 kwa mtoto. Sijui utadai kwa nani.

Renho, baraka ya mtu, ni ron kabla hujachota hata mara moja: kuna meza ni yakuman, kuna meza ni mangan (ile ya 8,000), kuna meza haipo. Yetu ni mangan. Ryuiso bila hatsu: kuna wanaoikataa, wengi sasa wanaikubali, sisi tunaikubali. Kokushi kupora kan ya ndani ya mtu (kupiga ron kwa kete anayoipigia kan), mtandaoni inakubalika na ndo mkono pekee wenye ruhusa hiyo, senpai wangu kakataa, meza ni yake.

Kwa hiyo nyuma ya kila kadi nimeweka kijistari tupu cha kujaza kwa penseli, "meza yetu:". Zile za kienyeji sijazitengenezea kadi ila moja imenishinda kuiacha, ya kutangaza richi kwenye kete yako ya kwanza kabisa alafu ukashinda kwa kete ya mwisho ya raundi. Wanaiita miaka mitatu juu ya jiwe, ni methali yao, hata jiwe baridi ukilikalia miaka mitatu linapata joto. Dada bila kuulizwa kaandika chini yake: mvumilivu hula mbivu. Imekuwa kadi ya 13, haina namba.

Toleo la nne, 150, na plastiki upande wa mbele tu, 110.

12 Mei: hesabu na hali ilivyo

Kete 1,980, makapeni 110, rangi ya kucha 110, karatasi za kijivu 30, za rangi mara tatu 450, plastiki mara mbili 220. Jumla 2,900 yeni, na shilingi 8,000 za Tanga. Ningeprinti kwa rangi toka mwanzo na kusubiri programu ningeokoa kama 440.

Wanacheza sasa kila Jumapili, dada, shemeji na majirani wawili. Jana usiku simu, haraka haraka, mdogo wangu nina kokushi, aina zote 13, nasubiri yoyote, jirani katupa haku, nichukue? Nikamuuliza mwanzoni ulitupa nini. Kimya. Alafu: haku, si nilikuwa nazo mbili. Nikamwambia basi hiyo ni furiten, uliyoitupa ni mojawapo ya unazosubiri, na ukisubiri zote 13 yoyote uliyowahi kuitupa inakufunga kwa zote, huwezi ron, uchote mwenyewe. Akasema hilo kwenye kadi halipo. Kweli halipo. Akakata simu akaenda kuchota, na nyuma nasikia shemeji anasema pita, pita.

Hakuipata, ukuta uliisha. Leo asubuhi kanitumia picha ya kadi zote 13 zimepangwa mkekani nione zilivyochakaa. Kokushi imekunjika pembe zote, suanko ina doa la chai, daisangen imeandikwa penseli pande zote mbili. Ya sukantsu bado mpya kabisa.